TAHADHARI: "Till imegoma, tuma kwa hii namba"

Kwa mnaonunua simu, viatu na vyombo vya nyumbani kupitia Instagram, TikTok na Facebook hapa Nairobi: kuna mchezo wa matapeli unaotambulika kwa sentensi moja. Tangazo huwa safi. Bei iko chini kidogo tu ya ile ya maduka ya Luthuli Avenue (ikishuka sana watu hushtuka, na wao wanalijua hilo), na nambari ya Till (ile ya kulipia duka kwa M-Pesa) imeandikwa kubwa kwenye picha. Mnaelewana vizuri. Ukiwa tayari kulipa, ujumbe unaingia: "Till imegoma leo, tuma kwa hii namba ya mhasibu." Hapo achana naye.

Hiyo Till ya kwenye tangazo mara nyingi ni ya kukutuliza tu. Pesa wanazitaka kwenye laini ya kawaida, na laini hiyo inaweza kuwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu asiyejua lolote. Ukishatuma, ni mwendo wa dakika chache hadi kwa wakala, pesa zinatolewa, na wewe unazuiwa WhatsApp.

Lakini Till nayo si hirizi. Kuna wanaokupa Till halali ya duka lingine kabisa: tapeli amechukua bidhaa huko, bili yake unailipa wewe, na mwenye duka hana habari. Kwa hiyo, kabla hujalipa muulize muuzaji, "Nikiingiza Till nitaona jina gani?" Akujibu kwanza, ndipo uingize. M-Pesa itakuonyesha jina kabla hujamaliza; lisome neno kwa neno. Jina la mtu binafsi peke yake si kosa, maana wafanyabiashara wengi wadogo husajili hivyo. Kosa ni jina ambalo muuzaji mwenyewe hakulitaja. Vivyo hivyo akikutumia ombi la malipo linalojitokeza kwenye skrini likikudai PIN: jina la anayelipwa na kiasi vimo humo humo, ila watu hukimbilia PIN.

Halafu kuna ile "nauli ya boda" ya shilingi 200 au 300 ya kutuma mapema. Kiasi ni kidogo makusudi, usione haja ya kubishana. Ukilipa hiyo, inafuata ya bima ya mzigo, kisha ya "kufungua mzigo ofisini". Aliyekubali ya kwanza huonekana ataikubali ya pili.

Ukisikia mtu anakwambia usijali, utarudisha pesa kwa 456, jua hajasoma masharti. Ni kweli ukituma ule ujumbe wa M-Pesa mzima kwenda 456 unaomba muamala urejeshwe. Huduma hiyo imekusudiwa aliyekosea namba, na haisaidii kitu kama akaunti ya mpokeaji imeshabaki tupu. Tuma mara moja hata hivyo, ila usiifanye mpango wako wa ununuzi.

Njia tunayoipendekeza kwa muuzaji usiyemjua ni kulipa ukiwa na mzigo mkononi, na mkononi maana yake umefunguliwa. Boksi la simu lililofungwa kwa plastiki linaweza kuwa na kipande cha sabuni chenye uzito ule ule. Fungua mbele ya mtu wa boda, washa simu, piga *#06# na ulinganishe IMEI (nambari ya utambulisho wa simu) na ile iliyochapishwa kwenye boksi, weka laini yako, jaribu kamera na chaji. Ni dakika tano. Akisema haraka, ana mzigo mwingine Umoja, mwache aende nao. Ukilipa, lipa Till ya duka, si namba ya mtu wa boda.

Kwa tovuti za nje, kadi ni bora kuliko kutuma pesa moja kwa moja, kwa sababu bidhaa isipofika unaweza kwenda benki yako kuyapinga malipo. Asiye na kadi ya benki anaweza kutengeneza kadi ya Visa ya GlobalPay ndani ya M-Pesa. Ile CVV yake (nambari ya usalama ya kadi) hudumu muda mfupi, kwa hiyo hata ikiibwa haina maisha marefu. Msimbo wa siri unaoletwa kwa SMS haupewi mtu yeyote, hata akijiita wa benki.

Kabla ya yote, kagua umri wa duka. Kwenye Instagram, gusa jina la akaunti usome maelezo yake: yataonyesha ilianza lini, na mara nyingi kama imewahi kubadili jina. Akaunti ya miezi miwili yenye wafuasi maelfu na maoni yaliyofungwa haihitaji uchunguzi zaidi.

Kama umeshaliwa, usianze kwa kumtukana. Atakuzuia na kufuta. Kwanza piga picha za skrini za mazungumzo, tangazo na ujumbe wa M-Pesa wenye msimbo wa muamala, na unakili anwani ya akaunti, kwa sababu jina litabadilishwa kesho. Tuma 456, kisha upige simu huduma kwa wateja, 100 kwa laini ya malipo ya kabla. SMS za kitapeli zielekeze 333, ni bure. Halafu nenda kituo cha polisi kilicho karibu ukiwa na hizo picha, na usitoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi.