Lenzi pana ya GFX, na ile pembe ya chini kushoto

Usimlipe muuzaji asiyekuruhusu kufungua sanduku. Nimeanza na hilo kwa sababu nimekasirika, na hasira yenyewe haijapoa tangu msimu wa kaskazi. Lenzi yenyewe sitaitaja jina, wala duka. Nitasema tu kwamba duka liko Nairobi, ghorofani, na kwamba lenzi ni moja ya zile pana kabisa zinazotengenezwa kwa kamera za midiamu fomati, zile zenye sensa kubwa kuliko ya kamera za kawaida. Yangu ni GFX, ya Fujifilm.

Kazi yangu ni kupiga picha nyumba kongwe za Lamu kabla mafundi hawajaanza kuzikarabati. Anayezijua nyumba hizi anaijua na tabu yake. Dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake, huwezi kuivuta. Kwa hiyo chumba kinakuwa chembamba, mita 2.5 hadi 3 hivi, halafu kirefu. Ukuta wa zidaka, yaani vile vishubaka vya ukutani vyenye nakshi, ule ambao kila mtu anautaka, uko upande mrefu. Ukishabana mgongo kwenye ukuta wa pili na kusimamisha tripodi, inabaki mita 2.2 kutoka lenzi hadi zidaka. Huna pa kurudi nyuma.

Kwa umbali huo, kwenye sensa ya GFX yenye upana wa milimita 43.8, lenzi ya milimita 23 inaingiza mita 4.2 za ukuta. Ya milimita 20 inaingiza 4.8. Ya milimita 17 inafika 5.7. Mpiga picha za harusi ataona hizo ni milimita chache tu za kubishania. Kwangu ni safu nzima za zidaka, ama zimo, ama hazimo.

Na kwa nini nisitumie kamera ndogo? Kwa sababu ya fundi wa chokaa. Yeye haangalii picha nzima. Anaikuza mpaka aone nakshi imemomonyoka wapi, ufa umeanzia wapi, chokaa ya zamani imekutana wapi na saruji ya juzi. GFX 100S inatoa pikseli milioni 102, na ukiwa na kioo kizuri kila moja inasema kitu. Pembeni ndiko ukuta unakokutana na dari na sakafu, ndiko unyevu unakoingilia. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema pembe za picha si muhimu, najua hajawahi kukabidhi picha kwa fundi.

Sasa, lile duka. Nilipofika sanduku lilikuwa na lakiri, na nikaambiwa halifunguliwi kabla ya malipo. Nikalipa. Picha ya kwanza ndani ya nyumba moja ya Mkomani, mtaa wa Lamu, ilikuwa safi kabisa katikati. Kulia juu, safi. Kulia chini, safi. Kushoto juu, si haba. Kushoto chini, uji. Nakshi ya kidaka cha mwisho ilikuwa imepakaa kama imepigwa kwa simu iliyodondoka. Nikabana tundu la kupitishia mwanga mpaka f/11, ambako lenzi huwa kali zaidi pembeni, bado. Nikaweka fokasi upya kwa mkono, bado.

Wenye haraka watasema kamera haikuwa sambamba na ukuta. Jaribio la kulijua hilo ni rahisi na kila mnunuzi anapaswa kulifahamu: piga ukuta ulionyooka, kisha pindua kamera juu chini, upige tena palepale. Kama sehemu iliyofifia imebaki upande uleule wa ukuta, kamera ilikaa mshazari. Kama imehamia upande wa pili wa ukuta lakini kwenye faili ipo kwenye pembe ileile, basi tatizo ni la lenzi. Yangu ilihama. Kuna kioo ndani hakijakaa kwenye mhimili wake, basi. Lenzi ambayo muundo wake ndio dhaifu hufifia pembe zote kwa kiasi kinacholingana. Ikififia pembe moja tu, ujue ilikosewa kufungwa kiwandani au iliangushwa njiani.

Nilirudi Nairobi na faili zote kwenye kompyuta. Kijana wa kaunta hakuzitazama.

"Bosi, lenzi zote pana ziko hivyo."

"Kaka, pembe tatu ni nzima. Itakuwaje moja iwe hivyo na tatu zisiwe hivyo?"

"Piga f/16."

Nikamweleza kwamba kwenye sensa yenye pikseli za mikroni 3.76, ukifika f/16 mwanga wenyewe unaanza kutawanyika na picha nzima inapoteza ukali, kwa hiyo ananiambia niharibu pembe tatu nzima ili zifanane na ile mbovu. Akamgeukia mwenzake akasema, mbele yangu, "Watu wa Pwani mna maneno mengi." Kisha akaniuliza kama wateja wangu kweli huwa wanaangalia pembe.

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nikitetemeka. Mimi nimelelewa kwamba mteja humwambii hivyo hata kama hana shilingi. Huyu alikuwa ameshachukua fedha zangu, na alikuwa anacheka.

Walikubali kuipeleka "kwa fundi". Ikarudi vilevile, na alama ya kidole kwenye kioo cha mbele.

Kwa muda baada ya hapo nilimwambia kila aliyeniuliza asinunue lenzi hiyo kabisa. Nilisema lenzi pana kabisa za midiamu fomati ni wizi, bora ubaki na GF 23mm ya Fujifilm wenyewe na kuunga picha mbili. Nalikuwa na sababu ya kusema hivyo: GF 23mm ni ya 2017, haina makuu, inakubali filta ya milimita 82, na zile nilizowahi kuzitumia zote zilikuwa kali pembe hadi pembe. Kama vyumba vyako ni vya hoteli mpya, inakutosha, na huhitaji kuendelea kusoma.

Kisha mwenzangu mmoja wa Mombasa akaniazima yake, aina ileile niliyonunua mimi. Nikaenda nayo kwenye ukuta uleule. Pembe zote nne zilikuwa nzima. Mistari ya rafu ilinyooka toka mwanzo hadi mwisho bila kuguswa na programu. Nakshi ya kidaka cha mwisho, kushoto chini, ungeweza kuhesabu matundu yake. Nilikaa kwenye ngazi za daka nikiitazama skrini ndogo ya kamera, na badala ya kufurahi hasira ikaongezeka. Hii ndiyo lenzi niliyoilipia!

Kwa hiyo siwezi tena kusema ni lenzi mbaya. Ni lenzi nzuri mno. Ila sahani za Kichina zilizopangwa kwenye zidaka za pembeni zinarefuka kwa nje. Hilo ni jiometri, litatokea kwa lenzi yoyote pana kiasi hicho isiyopinda mistari, na mwenye nyumba ataliona kabla yako. Sogeza vyombo katikati, au mwombe mwenyewe avisogeze.

Anayetaka usalama achukue GF 20-35mm, iliyotoka 2022. Ina fokasi ya kujiendesha, na ikikushinda chumba kimoja unazungusha pete. Upande wa Hasselblad kuna XCD 21mm, lakini hiyo ni ya kamera zao za X, haitakufaa kwenye GFX. Na kwa kuta za zidaka hasa, nazidi kuvutwa na ile Canon TS-E 17mm ya 2009 kwa adapta, lenzi ambayo kioo chake husogezwa kando bila kugeuza kamera. Duara la picha inalotupa lina kipenyo cha milimita 67.2, sensa yetu pembe hadi pembe ni karibu 55, kwa hiyo unasogeza kioo milimita 5 kushoto, unapiga, kisha 5 kulia, unapiga, unaziunga, na kwa umbali ule wa mita 2.2 unapata karibu mita 7 za ukuta. Kioo chake cha mbele kimetokeza, filta za kawaida hazifungiki, na vumbi la chokaa hulipenda sana. Hata hivyo.

Duka sasa linanipa begi na filta badala ya fedha zangu. Nimekataa. Wamesema basi nitapewa nyingine ya aina ileile, mzigo ukifika. Watu wangu nyumbani wanashangaa kwamba nimekubali. Nimekubali kwa sababu nimeiona ile ya Mombasa inavyopiga, na nyumba ya Mkomani inaanza kubomolewa dari wakati wowote.