Anchoring ya Access: maboksi inayanyoosha vizuri sana, maandishi haiyagusi

Wadau mnaotengeneza databezi za kwenye kompyuta, leo naizungumzia Anchoring ya Microsoft Access, kile kipengele kinachofanya fomu ijitanue yenyewe mtu akiifungua kwenye skrini kubwa kuliko ile uliyoichorea. Ilikuja na Access 2007 na mpaka leo ipo palepale kwenye tabo ya Arrange, ila bado nakutana na watu wanaohangaika na msimbo mrefu wa VBA (lugha ya programu iliyomo ndani ya Access) kwa kazi ambayo hii kitu inaimaliza kwa kubonyeza tu. Mi naikubali sana, ina mipaka yake lakini, na mtu asiyeijua mipaka hiyo ndo anaikatia tamaa mapema.

Kawaida kila kontroli (yaani boksi, kitufe, picha au kitu chochote kilichomo kwenye fomu) imeshikiliwa kona ya juu kushoto, kwa hiyo dirisha likikua yenyewe inabaki hapohapo na kulia panabaki uwanja mtupu. Ukifungua menyu ya Anchoring unapewa machaguo 9, unachagua kontroli ishikwe kona gani au inyooke kwenda wapi. Vitufe vya kuhifadhi na kufunga navipeleka chini kulia, kichwa cha fomu nakinyoosha juu kote, na ile fomu ndogo ya ndani yenye orodha ya rekodi naipa kunyooka chini na pembeni kwa pamoja. Hapo ndo penye utamu, maana mwenye skrini kubwa anaona rekodi nyingi kwa mara moja bila kuskroli, na kiukweli hicho ndo anachokitaka, hataki vitufe vinene kama matofali, anataka kuona data yake. Kwa picha usisahau kuweka Size Mode iwe Zoom, la sivyo boksi linakua na picha ndani inabaki vilevile au inavutika vibaya.

Angalia sana hapa: usiweke maboksi mawili yaliyokaa ubavu kwa ubavu yote yanyooke kwenda kulia. Kila moja linalinda umbali wake na ukingo wa dirisha, halijui kama lina jirani, kwa hiyo dirisha likiongezeka inchi 3 kila moja linameza inchi 3 zote na yanapandana. Chagua moja linyooke lile lingine lishikwe kulia, au kama kweli unataka yagawane sawa andika mistari michache ya VBA kwenye tukio la Resize (linalotokea fomu inapobadilika ukubwa), soma Me.InsideWidth, yaani upana wa ndani wa dirisha, gawa kwa mbili, basi. Huo ni msimbo mfupi na unaeleweka hata ukirudi kuusoma baadae.

Afu kuna hili la saizi ya chini, na hapa ndo nataka tukae kidogo. Anchoring inatanua tu, haipunguzi chini ya saizi uliyochora. Dirisha likiwa dogo kuliko fomu, unaletewa skrolba. Kwa hiyo fomu ichore kwa ajili ya skrini yenye nafasi ndogo kuliko zote zitakazotumika halafu iachie ikue, na hiyo skrini usiitafute kwa kuangalia pikseli peke yake. Mtu anaona laptop ina 1920 kwa 1080 anasema aah hii kubwa, fomu yangu iliyojaa kwenye 1366 kwa 768 itaenea tena nafasi itabaki. Kama Windows ya hiyo laptop imewekwa skeli (ule ukuzaji wa maandishi na vitu vyote kwenye skrini) ya asilimia 150, haienei. Access inahifadhi vipimo kwa kipimo kidogo kinachoitwa twipu, inchi moja ni twipu 1440, kwenye skeli ya 100 pikseli moja ni twipu 15 ila kwenye skeli ya 150 pikseli moja ni twipu 10 tu. Sasa piga hesabu mwenyewe, 1366 mara 15 ni 20490, na 1920 mara 10 ni 19200. Kwenye kimo vilevile, 768 mara 15 ni 11520 wakati 1080 mara 10 ni 10800. Yaani skrini yenye pikseli nyingi ndo yenye nafasi finyu, na ndo maana unasikia fomu ilikuwa inaenea kwenye mashine ya zamani imefika kwenye mpya imekatika chini, vitufe havionekani. Hapo hujatoa utepe wa juu na ile orodha ya vitu inayokaa kushoto, navyo vinakula nafasi (F11 inaficha ya kushoto, Ctrl na F1 inakunja utepe). Kabla hujamkabidhi mtu programu yake muulize skeli yake ni ngapi, ni swali la maana kuliko kumuuliza rezolusheni.

Fonti sasa. Anchoring haiigusi kabisa, boksi linaweza kunyooka mpaka mwisho wa skrini na maandishi ndani yakabaki saizi 11. Wengi wanaona huu ni upungufu mkubwa, mimi sioni hivyo, kwa sababu asiyeona vizuri ana ile skeli ya Windows na Access inaifuata, kila kitu kinakua kwa pamoja. Ukija na msimbo wako wa kukuza fonti juu ya skeli aliyoiweka mwenyewe unamkuzia mara mbili. Anayetaka kweli kukuza fomu nzima pamoja na maandishi yake aiangalie FileMaker, programu nyingine ya databezi, ambayo nayo ilileta vishikizo vya pande nne kwenye toleo la 9 mwaka uleule wa 2007, ila kwake kuna na zum ya dirisha ambayo unaweza kuiamrisha kwa skripti. Kwa wanaoandika programu kwa lugha ya C# kwenye Windows Forms (zana za Microsoft za kutengeneza madirisha), wao walikuwa na Anchor na Dock tangu .NET ya kwanza 2002, na mwaka 2005 wakapata TableLayoutPanel inayogawa safu kwa asilimia, hiyo inamaliza kabisa ule ugomvi wa maboksi mawili niliousema juu.

Ukibaki Access na bado unataka kila kitu kikue kwa uwiano pamoja na fonti, itabidi uzunguke kontroli zote kwa VBA uzidishe Left, Top, Width, Height na FontSize, yaani mahali ilipo, upana, kimo na saizi ya fonti. Inawezekana, ila jiandae. FontSize ni namba nzima tu, 11 ukizidisha kwa 1.25 unapata 13.75 inakuwa 14, maandishi yanakua kuliko boksi lake na herufi za mwisho zinakatika. Kombo boksi (zile zenye orodha ya kushuka) zina ColumnWidths na ListWidth zake, yaani upana wa safu na wa orodha, usipozigusa orodha inashuka ikiwa nyembamba. Fomu ya ndani ni fomu inayojitegemea, nayo inabidi uizungukie kontroli zake. Wakati wa kukuza panua fomu kwanza ndo usogeze kontroli, wakati wa kupunguza fanya kinyume, vinginevyo Access inakataa inakwambia kontroli ni kubwa mno kwa mahali hapo, na kumbuka upana wa fomu una mwisho. Msimbo wa zamani unaoita API za Windows (kazi zilizomo ndani ya Windows yenyewe) utakugomea kwenye Office ya biti 64 mpaka uongeze neno PtrSafe pale unapozitangaza. Na mingi inapima skrini kwa GetSystemMetrics, mojawapo ya API hizo, ambayo inavyotumika mara nyingi inakupa ukubwa wa skrini kuu peke yake, mtu akiiburuta fomu kwenda skrini ya pili vipimo vyote vinakuwa si vyake, wakati InsideWidth na InsideHeight zinakupa dirisha lenyewe lilivyo muda huo, popote lilipo.