Nilikwenda kuijaribu boti ya alumini, nikaishia kuwa abiria

Naandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo nisomeni huku mkinichuja.

Ilikuwa wiki chache zilizopita, pengine mwezi sasa. Kuna karakana moja, sitaitaja, inaunda boti za alumini kwa oda, za uvuvi wa bahari kuu. Wanakuuliza unavua nini, mnatoka watu wangapi, mnakwenda mbali kiasi gani, usukani ukae wapi, kisha wanakata bati kwa vipimo vyako. Kabla hujaweka amana wanakutoa baharini na boti yao ya maonyesho inayokaribiana na unayoitaka. Wenyewe wanaita "jaribio". Lishikeni neno hilo.

Urefu, upana, tanki la lita ngapi, hayo mtayakuta kwenye makaratasi yao. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni mguu wa yule kijana.

Lakini nianze mwanzo. Nimevua miaka mingi kwenye boti za faiba, na ya mwisho iliniumiza roho. Nje iling'aa, ndani mbao za sakafu zilikuwa zimekunywa maji mpaka zikaoza, sitaha ikawa inabonyea chini ya mguu kama godoro. Niligundua nimeshachelewa. Tangu hapo nikikaribishwa kwenye chombo chochote siangalii viti wala skrini. Naomba nifunguliwe ngama, lile tumbo la chini ya sakafu ambako maji hujikusanya. Huko chini ndiko boti inakosema ukweli wake.

Basi nimefika, kijana ananipokea, miwani ya jua kichwani, simu mkononi. "Karibu mzee." Vizuri. Nikamwambia kabla hatujaondoka naomba nifungue mfuniko wa ngama nitazame chini. Akacheka kidogo, akanionyesha kiti cha nyuma.

"Mzee, wewe kaa hapo ufurahie upepo. Mambo ya ngama waachie mafundi."

Nikakaa. Sijui kwa nini nilikaa. Mtu mzima, nimekuja na orodha yangu mfukoni, nimeambiwa nifurahie upepo na nikakaa.

Tukatoka. Maji yalikuwa shwari, nikaomba usukani. "Tukifika nje, mzee." Tukafika nje, nikaomba tena. "Hapa bahari imechafuka kidogo, bima hairuhusu." Kwa hiyo maji yakiwa shwari si wakati wake, yakichafuka ni marufuku. Mtu anaijaribu boti lini? Ikiwa imefungwa gatini?

Sasa hapa lazima niseme jambo linaloniudhi kuliko yote: boti ile ni nzuri. Nasema hivi kwa shingo upande. Mimi niliamini, kama wengi wanavyoamini, kwamba alumini ni debe. Ni nyepesi, upepo unaichezea, na kila wimbi linapopiga chini meno yanagongana. Kijana akaongeza moto kuelekea mawimbi ya mbele, omo, yaani mbele ya boti, likapanda, nikakunja magoti kusubiri kishindo. Kishindo hakikuja. Boti iliingia majini kama kisu. Chini wameichonga V ya kina, wakapanga mataruma, yaani mbavu za ndani, ya urefu karibu karibu, na bati lenyewe ni nene, kwa hiyo hakuna eneo pana la bati tupu la kupigwa na maji na kulia kama ngoma. Mara tatu nilisubiri pigo, mara tatu halikuja. Kama siku hiyo ingeishia hapo ningewapa nyota zote na nyingine ya kuazima.

Nikaomba azime mashine tukae ubavu kwenye mawimbi. Mvuvi hatumii siku nzima kukimbia. Saa nyingi umesimama, mshipi majini, chombo kinayumba, na V ya kina ina deni lake hapo: ikisimama hulala huku na huku zaidi ya boti yenye tumbo bapa. Nilitaka kujua deni hilo ni kubwa kiasi gani. Akazima, akaangalia saa. Ndiyo, aliangalia saa! Ikayumba, si haba, lakini ilikuwa ikirudi taratibu bila kukurupuka, kitu unachoweza kukizoea. Halafu simu yake ikaita, akaenda omoni kutafuta mtandao.

Nikafungua mfuniko.

Mishono ya kuchomelea, jamani. Imelaliana kama magamba ya samaki, sawasawa, kutoka tezi, yaani nyuma, mpaka pale jicho langu lilipoishia. Kila taruma lina tundu la kupitisha maji ili yasituame, hakuna povu la kujazia, lile kama sponji, lililobandikwa kwenye bati la chini likanyonya chumvi na kuishikilia. Aliyeifanya kazi ile anajua anachokifanya. Nilikaribia kufunga mfuniko nikiwa na furaha.

Ndipo nikaona vipande. Chini kabisa, kwenye maji kidogo ya chumvi, vipande vya waya vilivyokatwa. Vyekundu. Shaba. Nilihesabu saba, na skrubu moja ya shaba ya manjano.

Kwa asiyejua kwa nini nilipandwa na damu: ukiweka shaba na alumini pamoja kwenye maji ya chumvi umetengeneza betri, na katika betri hiyo anayeliwa ni alumini. Sarafu moja ya shaba iliyodondoka ngamani ikasahaulika inaweza kuitoboa boti. Ndiyo maana boti za alumini hazipakwi chini rangi za shaba za kuzuia viumbe wanaojishikiza na mwani, ndiyo maana hufungwa vipande vya zinki ili viliwe vyenyewe kwanza. Na zinki ya nje haiwezi kukuokoa na kipande kilicholala ndani, kwenye kidimbwi chake, kinatafuna polepole mahali usipopaona. Na huyu kijana, robo saa kabla, alikuwa ananiambia, "Alumini haiozi mzee, hii utawarithishia wajukuu." Ni kweli haioti kutu kama chuma. Bati la aina ya 5083, lile lenye magnesi wanalotumia wao, linajitengenezea ngozi yake hewani na unaweza kuliacha bila rangi miaka mingi. Lakini si kwa kulilaza na shaba!

Alipomaliza simu nikamwonyesha. Akachungulia bila kuinama.

"Vipande vya waya tu hivyo, mzee. Unatafuta kasoro."

"Hiyo ni shaba, kijana."

"Basi tutapitisha sumaku."

Sumaku. Kwenye shaba. Sumaku haishiki shaba, hili hata mtoto aliyewahi kuchezea spika iliyoharibika analijua. Huyu anauza vyombo vya kupeleka watu mahali ambako nchi kavu haionekani.

Halafu, nikiwa bado nimepiga magoti, mkono wangu ukiwa ukingoni, akaufunga ule mfuniko kwa mguu. Kwa mguu! Ningekuwa mzito kidogo ningebaki na vidole vinne.

Kuanzia hapo sikuipenda boti ile hata chembe. Kiti kigumu. Reli baridi. Rangi yake ya kijivu kama sufuria isiyosuguliwa. Tanki la chambo hai liko upande usio wangu. Nakiri mengine si haki: rangi unachagua mwenyewe, na tanki wangelihamisha ningesema neno moja tu, hiyo ndiyo maana ya kuunda kwa oda. Lakini mtu akikufungia mfuniko kwa mguu, hata jua analiharibu.

Moja lilikuwa la haki. Alipokaza mafuta mpaka mwisho, nilitupa jicho kwenye saa ya mzunguko: ikagota kama mizunguko 5300 kwa dakika na haikusogea, wakati kwenye mashine zile pameandikwa zinatakiwa kufika 6000. Tulikuwa wawili tu, hakuna barafu, hakuna samaki. Watie watu wanne na mzigo, utashuka zaidi, na mashine inayolazimishwa hivyo haidumu. Dawa yake si kubwa, ni propela yenye mkunjo mdogo zaidi, yaani inayopiga hatua fupi kwa kila mzunguko; kila inchi unayopunguza inakurudishia mizunguko kama 150 hadi 200. Nilimwuliza propela ni ya inchi ngapi. Akaniambia ni mpya.

Wakati wa kurudi, mawimbi yalikuwa yanatusukuma kwa nyuma, na hapo ndipo boti nyingi hunivunja moyo: omo linachimba, tezi linataka kupita mbele, unapigana na usukani mpaka mabega yanawaka. Hii ilikwenda imenyooka. Kijana alikuwa ameshika kwa mkono mmoja, mwingine uko kwenye simu, na boti ilikuwa inamvumilia. Nilimwonea wivu.

Kwa hiyo nilipofika nilikuwa nimeshaamua: sinunui, na kila atakayeniuliza namwambia asiende. Nikapitia karakanani kutafuta mtu wa kumwambia hivyo usoni. Nikamkuta mzee mmoja wa rika langu, aproni ya ngozi, kinyago cha kuchomelea amekisukuma juu ya paji. Nikafungua kiganja. Maana nilikuwa nimewahi kutia mfukoni vipande viwili.

Akavitazama muda mrefu.

"Umevitoa wapi hivi, kaka?"

"Ngamani."

"Ngamani mwangu?"

Hakuniuliza zaidi. Akachukua sponji na ndoo, akatoka, nikamfuata. Akapanda, akapiga magoti, akaanza kuokota kimoja kimoja, akiingiza mkono mpaka begani na kupapasa nyuma ya kila taruma. Alipata kumi na kitu. Akasema aliyekuja kufunga redio ndiye aliyekata nyaya palepale na kuziacha. Kisha akasuuza kwa maji baridi, akapangusa, akaniita nitazame. Bila kuulizwa akanionyesha kwamba kila kifaa kina nyaya mbili zinazorudi kwenye betri, hawatumii mwili wa boti kama njia ya umeme. Hilo lilikuwa la nne kwenye orodha yangu. Mtu aliyenijibu swali langu la nne hakuwa amesikia la kwanza.

Sasa hukumu yangu ni ipi? Nilipoanza kuandika nilikuwa na nyota moja, na hiyo moja ilikuwa ya mishono. Nimefika hapa naona nne. Nikiukumbuka mguu zinarudi mbili. Kama mnakwenda, nendeni, lakini mwulizeni fundi, na msikubali kukaa kiti cha nyuma. Na ombeni ngama kabla kamba hazijafunguliwa.

Jana kijana alinipigia. "Mzee, vipi, ulifurahia upepo?" Nikakata simu.

Jioni nikampigia fundi. Nimemwambia nataka jaribio lingine, kwa propela nyingine, usukani uwe mkononi mwangu, kijana abaki nchi kavu. Amesema atakuja mwenyewe. Vile vipande viwili vya shaba bado viko mezani kwangu, nitamrudishia.