Uzoefu wangu: nimetembea Msitu wa Arabuko Sokoke na mwongozaji

Mimi mtu wa Malindi, huu msitu naupita na matatu ya Mombasa tangu niko shule na sijawahi kushuka hata siku moja. Jumamosi tukashuka Gede, tukalipa kiingilio, tukachukua mwongozaji, kijana wa Kigiriama wa vijiji vya hapo hapo, na jua halijawa kali tushaingia. Huyo kijana ndo kanifanya niandike.

Alitupitisha kwenye miti ya mirihi, kule mchanga mweupe, halafu akatupeleka kwa udongo mwekundu ambako miti imeshikana hata hujui utapita wapi, akasimama akanyoosha kidole, mimi naona majani tu, majani tu, kumbe ni bundi wawili wamelala wamebanana, hata shibiri hawafiki! Jamani sisi tumelelewa bundi ni nuksi, mama yangu akimsikia usiku anatupa chumvi motoni, lakini hawa niliwaonea imani, maana bundi wa aina hii ukitoa huku kwetu Pwani wako misitu ya milima ya Usambara kule Tanzania basi. Sange pia tulimuona, yule mwenye pua ndefu na matako ya manjano, alipita mbio kama mshale.

Sasa kilichoniuma. Msitu umetangazwa hifadhi tangu 1943, ni kilomita za mraba kama 420, nikadhani basi uko salama. Tumekuta visiki vya muhuhu, ule wa kuchonga vinyago, na kisiki kimoja cha mbambakofi bado kibichi kabisa. Kijana hakusema kitu, alikiangalia tu akaendelea kutembea. Na ile sehemu yenye hadhi ya mbuga ya taifa ni kama kilomita 6 tu kati ya hizo zote, mimi sikuwa najua.

Tukamalizia Kipepeo pale magofu ya Gede, mradi wa tangu 1993, wanavijiji wanafuga vipepeo wanauza pupa ng'ambo, yaani msitu unawalisha bila kukatwa. Nikanunua asali, tamu sana.

Vaeni suruali ndefu, maji bebeni ya kutosha, na msiingie bila mwongozaji maana ndovu wamo na bundi hamtamuona. Vibao vya njia vimefifia, hapo natoa nyota moja, kwa hiyo 4 kati ya 5.

Mwezi ujao narudi na mama, nataka amuone yule bundi kwa macho yake.