Kijitabu cha kumkumbuka Nyanya: tathmini ya duka la uchapaji la River Road

Familia nyingi za Nairobi zinapofiwa hupeleka wasifu wa marehemu kwa mchapaji siku chache tu kabla ya mazishi, zikitarajia kijitabu chenye picha ya jalada, utaratibu wa ibada, nyimbo, na orodha ndefu ya wana, wakwe na wajukuu. Duka dogo la uchapaji lililo ghorofani katika jengo moja la River Road lilitufanyia zaidi ya hayo tulipompoteza nyanya yetu. Naandika tathmini hii kwa kuwa kazi yao iliyaheshimu maisha ambayo kijitabu cha kawaida kingeyamaliza kwa aya mbili.

Nyanya alikuwa mchoraji. Alisomea sanaa Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1960, akafundisha shule za upili, na kwa muda mrefu batiki zake ziliuzwa Gallery Watatu, jumba la sanaa lililofunguliwa Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1960. Karo ya wajukuu kadhaa, nami nikiwa mmoja wao, ilitokana na batiki hizo. Alikuwa msafiri pia: alipanda gari la moshi hadi Kampala, akavuka Ziwa Victoria kwa meli kutoka Kisumu hadi Mwanza na Bukoba, akafika Lamu na Unguja, na kila safari aliiwekea daftari lake la michoro. Jumapili zote alizokuwa nyumbani, meza yake ilikuwa ya ukoo mzima, na hakuna ugomvi wa kifamilia uliosuluhishwa bila yeye kusikilizwa.

Tulimpelekea msanifu wa kurasa wa duka hilo wasifu uliokwisha kuchapwa pamoja na picha chache. Alitupa pole, akausoma wote papo hapo, kisha akauliza kazi za marehemu ziko wapi. Swali hilo ndilo lililobadilisha kila kitu. Shangazi alirudi na sanduku la madaftari, na kijana yule akayapitia moja baada ya jingine kwa utulivu ambao sikuutarajia kwa mtu mwenye wateja wengine wanaomsubiri.

“Mama,” akamwambia shangazi, “naona baada ya mwaka 1977 hakuna tena Moshi wala Mwanza. Kulitokea nini?”

Sisi wajukuu hatukuwa tumewahi kuliona pengo hilo. Shangazi alieleza kwamba mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya, nao haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Dada yake Nyanya alikuwa ameolewa Moshi, na kwa miaka yote hiyo hawakuonana. Madaftari ya kipindi hicho yamejaa Marsabit, Lodwar na Lamu, kana kwamba miguu ilikataa kutulia ilhali njia aliyoitamani imezibwa. Mpaka ulipofunguliwa alipitia Namanga, na ukurasa wa kwanza wa daftari la mwaka 1984 una mchoro wa dada huyo ameketi akimenya ndizi. Msanifu aliiweka michoro hiyo kwenye kurasa mbili zinazotazamana, upande mmoja Moshi ya mwaka 1976 na upande wa pili dada mtu, pamoja na maelezo mafupi ya shangazi. Katika ibada niliwaona wazee wakifika ukurasa huo na kukaa nao, ingawa kwaya ilikuwa imekwisha kuanza wimbo.

Kwa upande wa ufundi, michoro ya rangi za maji ilipitishwa kwenye skana kwa ubora unaofaa uchapaji, lakini batiki zilitolewa nje na kupigwa picha kivulini mchana bila mwangaza wa kamera, na mikunjo ya kitambaa na nyufa nyembamba za nta zinaonekana vizuri. Kijitabu cha kushonwa kwa pini katikati lazima kurasa zake zigawanyike kwa 4. Badala ya kutupunguzia michoro, walitushauri tutoke kurasa 24 hadi 28, tukakubali.

Zipo kasoro. Sampuli ilitumwa kwa WhatsApp pekee, nayo skrini ya simu huonyesha rangi kwa mwanga ilhali karatasi huzionyesha kwa wino. Matokeo yake ni kwamba batiki moja ya buluu ya nili imetoka ya zambarau. Kwa mchoraji ambaye nili ilikuwa rangi yake ya maisha, hilo liliniuma. Jalada linang’aa kupita kiasi, na nakala zilitufikia asubuhi yenyewe ya ibada. Bei nayo iko juu kidogo: shilingi 350 kwa nakala, nusu ikilipwa mapema kwa M-Pesa.

Hata hivyo naona gharama hiyo ilistahili. Rosemary Karuga, anayetajwa kuwa mwanamke wa kwanza kusomea sanaa Makerere, alipofariki mwaka 2021 kolaji zake, yaani picha za vipande vya karatasi vilivyobandikwa, zilikuwa zimekwisha kuonyeshwa nje ya nchi na kuandikwa katika katalogi. Wanawake wengi wa kizazi kilichomfuata walichora maisha yao yote bila katalogi hata moja, wakauza kazi zao kwa watalii na marafiki, na zikatawanyika. Kwa Nyanya, kijitabu hiki cha mazishi ndicho chapisho pekee lililokusanya kazi zake, na nakala tatu tumezihifadhi bila kuzigawa.

Anayefikiria kuwapa kazi awapelekee michoro na picha zenyewe, wala si picha zilizopigwa kwa simu, adai ukurasa mmoja wa majaribio uliochapwa kwenye karatasi ile ile itakayotumika, achague jalada lisilong’aa, na aombe faili zote kwenye flashi. Sisi walitupa bila malipo ya ziada.