Nimewaita waue mdudu, wakaja kumlisha

Nyota mbili, na hizo ni za dawa na za kijana mmoja. Kampuni yenyewe, ya huduma za miti, haistahili kitu.

Naishi Pennsylvania, Marekani, na nyuma ya nyumba yetu kuna hemloki kubwa, miti ya jamii ya misonobari, zilizosimama kabla hatujahamia. Mlio huku mnaijua miti hii: kijani mwaka mzima, kivuli kizito, na ndio mti rasmi wa jimbo tangu 1931. Baridi moja hivi karibuni niliinua tawi la chini, nikakuta madoa meupe kama pamba yamejipanga kwa chini, pale vijani vinapoota. Huyo ni mdudu aitwaye adeljidi, jamaa wa vidukari, mwenye asili ya Japani. Upande huu wa mashariki aliripotiwa mara ya kwanza mwaka 1951, karibu na Richmond, Virginia. Huku wote ni majike, wanazaa bila dume, vizazi viwili kwa mwaka, na wanafyonza mti baridini wakati sisi tumejifungia ndani. Ukimwachia, mti mzima unakufa ndani ya miaka michache.

Nikapigia simu kampuni moja ya huduma za miti. Dada wa ofisini nilimtajia mdudu kwa jina lake. Wakaja nikiwa kazini. Narudi jioni, nakuta chembechembe za mbolea zimemwagwa kuzunguka kila shina, na karatasi mlangoni: "Miti imelishwa."

Mbolea! Hemloki yenye adeljidi ukiitia mbolea ya naitrojeni, anayenenepa ni adeljidi. Utomvu unakuwa mtamu kwake, anazaliana zaidi, mti unazidi kudhoofu. Unamuua mdudu kwanza, mbolea baadaye kabisa. Watu wanaolipwa kutunza miti wanakosaje kulijua hili?

Nikampigia msimamizi. Akanijibu, "Mama, miti yako ina njaa tu." Nikamweleza habari ya naitrojeni, kwa upole kabisa. Akanikatiza: "Kwani wewe unafanya kazi gani?" Nikasema nahudumia wazee. "Basi wewe hudumia wazee, miti tuachie sisi." Hadi leo nikikumbuka sauti yake damu inanichemka. Nimelea watoto nchi hii, nalipa kodi nchi hii, halafu mtu aniulize kazi yangu kabla ya kusikiliza ninachosema?

Nilikomaa nao mpaka wakamtuma kijana mwingine, na kwa huyu nitasema haki. Alipima kila shina kwa futi kamba, usawa wa kifua, maana kipimo cha dawa kinafuata unene wa mti. Akafagia majani makavu, akamwagia dawa ya wadudu, imidaklopridi, kwenye udongo wenye unyevu, kisha akapuliza nyingine, dinotefurani, kwenye magome. Akanieleza bila haraka: ya kwanza inapanda polepole, mti mkubwa unaweza kuingoja miezi mingi, lakini inakaa miaka, ya pili inafanya kazi ndani ya wiki chache, nayo inaisha nguvu baada ya mwaka au miwili. Hemloki iliyo ukingoni mwa kijito alikataa kuimwagia chini, dawa isiingie majini. Fundi wa kweli huyo.

Na miti imepona jamani! Msimu uliofuata ncha zilichipua kijani kibichi, ile pamba ikabaki maganda makavu. Hapo nilikuwa tayari kuwaongezea nyota ya tatu.

Kisha bili ikaja. Mstari wa kwanza: mbolea, bei kamili. Nikapiga simu, akapokea yule yule msimamizi: "Si tuliimwaga? Kazi imefanyika." Hakuna pole, hakuna samahani.

Basi hata zile mbili za mwanzo nazipunguza, naacha moja, ya kijana. Mkilazimika kuwaita, mwombeni yeye, na mwe nyumbani siku hiyo. Mkiona mfuko wa mbolea unashushwa garini, wasimamisheni hapo hapo. Dawa nimeilipa yote. Mbolea yao sijalipa, na silipi.