Kahawa chungu na muguka: vinavyokesha watu Mombasa

Jioni Mji wa Kale, muuza kahawa akigonganisha vikombe, wachache hupita bila kusimama. Mtaa wa pili vijana wana muguka shavuni, majani mabichi ya jamii ya miraa. Wote wanataka kukaa macho, ila ubongoni njia ni mbili.

Kutwa nzima ubongo hukusanya adenosini, kemikali inayoleta usingizi ikishika vipokezi vyake kwenye seli za neva. Kafeini ya kahawa huwahi vipokezi hivyo kama kiti, ikavikalia tu. Uchovu haujaondoka, huusikii. Zikipita kama saa 5 tangu unywe, nusu ya kafeini bado imo mwilini, basi ukinywa baada ya Isha usilalamike.

Muguka hauzibi, unasukuma. Kathinoni iliyo kwenye majani huzifanya neva zimwage dopamini na noradrenalini, kemikali za kuchangamsha, kupita kawaida: moyo mbio, njaa hakuna, maneno hayaishi. Majani yakikauka hupoteza nguvu, ndiyo maana yanakimbizwa mabichi kutoka Embu. Baadaye raha hushuka, mtu akawa mzito, mkali wa bure, anatafuta kifurushi kingine.

Mimi kahawa, tena na kashata. Mwenye presha au ugonjwa wa moyo, muguka asiuguse kabisa.